Kaya za Wamijikenda: Historia ya Ardhi Iliyohamwa Bila Kuachwa

Utangulizi

Katika Kiswahili sanifu neno "kaya" hutumiwa kwa maana ya watu wa nyumba moja, walao chungu kimoja na kumtambua mkuu mmoja. Hivyo ndivyo linavyotumiwa na wahesabu watu na maafisa wa utawala. Kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya neno hilo hilo lina maana nyingine iliyo pana zaidi: mji wa kale uliojengwa ndani ya msitu, juu ya kilima aghalabu, ambamo kabila zima au sehemu yake kubwa liliishi, likazika wafu wake na kufanya mabaraza yake. Miji hiyo haikaliwi tena kama ilivyokaliwa zamani. Hata hivyo misitu yake ingalipo, na katika nchi ambayo mashamba na minazi vimekwisha kufyeka karibu kila pembe, huonekana kutoka mbali kama visiwa vya kijani katikati ya makonde.

Swali linalozuka ni hili: ardhi isiyo na mkazi wala ukuta, isiyolimwa wala kuchungiwa, ilihifadhiwa kwa nguvu gani kwa muda wa vizazi vingi, na ilihifadhiwa kwa jina la nani? Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kufuata historia ya kaya tangu enzi za makazi hadi enzi za sheria za uhifadhi. Hoja yake ni kwamba mgogoro mkubwa wa ardhi hizi umetokana na kosa moja la tafsiri lililorudiwa mara kwa mara: kila mamlaka iliyofika kutoka nje iliona mahali palipohamwa ikadhani pameachwa.

Jina na maana yake

Makabila yanayojiita Mijikenda ni tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Wachonyi, Wajibana, Wakambe, Waribe, Warabai na Wakauma. Jina lenyewe, "Midzi Chenda", lina maana ya miji tisa. Mswahili hulielewa bila mkalimani, kwa sababu "mudzi" ni mji, na "chenda" ni kenda, hesabu ya Kibantu ambayo katika Kiswahili cha kawaida imesukumwa kando na "tisa" ya Kiarabu. Lugha za Wamijikenda, pamoja na Kiswahili, Kipokomo, Kiilwana na Kikomoro, zimo katika kundi moja ambalo Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walilieleza kwa kirefu mwaka 1993 kwa jina la Kisabaki. Udugu huo hujidhihirisha katika maneno ya kila siku. Mti wa Mswahili ni "muhi" wa Mgiriama, na chaka la mmoja ni "tsaka" la mwenziwe.

Yafaa ikumbukwe kwamba jina hili, lililo na sura ya ukale, lilianza kutumiwa kwa upana katika miaka ya 1940. Kabla ya hapo watu hawa waliitwa Wanyika, yaani watu wa nyika, na walioliita jina hilo ni watu wa pwani na wageni waliofuatana nao. Kamusi ya lugha yao iliyokusanywa na wamisionari Krapf na Rebmann, na kuchapishwa mwaka 1887, iliitwa kwa jina hilo. Watu walipoamua kujitafutia jina la heshima hawakuchukua jina la mtu wala la mto. Walijiita kwa miji yao, ilhali wakati huo wengi wao hawakuwa wakiishi tena katika miji hiyo.

Neno "kaya" nalo ni la kale kuliko miji yenyewe. Limo katika Kisukuma na Kinyamwezi kwa maana ya makazi ya mtu na jamaa zake, na "ikhaya" ya Wazulu ni nyumbani. Katika Kidigo lingali na maana hiyo ya nyumbani. Kwa hiyo mzee anaposema kwamba anakwenda kaya kwa ajili ya tambiko, hatumii neno la mahali pa ibada lililotengwa na maisha. Anasema kwamba anakwenda kwao.

Mji ndani ya msitu

Simulizi za Wamijikenda zinaeleza kwamba wazee wao walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini, wakakimbia vita na kushuka hadi nyuma ya Mombasa na Malindi, na kwamba walibeba fingo, yaani dawa ya ulinzi ya kila kabila, wakaizika katika mji mpya. Wanahistoria hawajakubaliana juu ya safari hiyo. R. F. Morton aliutilia shaka ukale wa simulizi hiyo mwaka 1972. Thomas Spear, katika kitabu chake cha 1978 kilichohusu kaya, aliikubali na kuijengea historia. Naye Justin Willis, mwaka 1993, alionyesha jinsi umoja wa Wamijikenda ulivyofinyangwa katika uhusiano wao na mji wa Mombasa katika karne ya 20. Hapana haja ya kuamua ugomvi huo hapa. Lililo muhimu kwa hoja ya makala haya ni jinsi mji ulivyopangwa, na juu ya hilo hapana ubishi mkubwa.

Kaya ilijengwa katika uwanja uliofyekwa katikati ya msitu mnene. Msitu ulikuwa boma. Mtu aliingia kwa njia nyembamba zilizopita katika malango, na kila ukoo ulikuwa na upande wake. Katikati palikuwa na mahali pa mkutano, ambapo Wagiriama hupaita moroni, na hapo wazee wa kambi walikata mashauri. (Wadigo huita baraza hilo ngambi.) Uongozi haukuwa wa mfalme. Ulipita katika marika, vijana wakipanda ngazi kwa sherehe zilizofanywa katika kaya, hata wakafika daraja la kuamua. Fingo ilizikwa mahali palipojulikana na wachache. Makaburi ya waasisi yalikuwa humo humo.

Inadhihirika basi kwamba msitu haukuhifadhiwa kwa kupenda miti peke yake. Kuukata ni kubomoa ukuta wa mji. Miiko ya kutokata mti, kutowasha moto, kutoingiza mifugo na kutotoka katika njia ilikuwa kwanza sheria za usalama. Aliyeivunja alitozwa mnyama wa kutakasia mahali, na faini hiyo ililiwa kwa pamoja, hivi kwamba adhabu yenyewe iliwakutanisha watu. Kwa muda wa karne kadhaa kaya ilikuwa mambo mawili kwa wakati mmoja: mahali pa wote kukaa, na mahali pa wote kukimbilia.

Kuhama

Katika karne ya 19 hatari zilizowafanya watu wajifungie katika vilima zilipungua, na biashara na Mombasa ikakua. Watu walihitaji ardhi ya kulima na malisho. Wagiriama walienea kuelekea kaskazini hadi mto Sabaki na kuuvuka. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kufungua misheni Rabai mwaka 1846, aliziona kaya katika kipindi hicho cha mpito, baadhi ya watu wakiishi ndani na wengine wakiwa wamekwisha tawanyika mashambani.

Hapa ndipo penye jambo ambalo halijapewa uzito wa kutosha. Watu walipotoka hawakuugawa uwanja wa mji uwe mashamba, ijapokuwa wengine walikuwa na uhaba wa ardhi. Njia za malango zilibaki njia, na wazee waliendelea kurudi kwa mazishi ya wakuu, kwa tambiko za mvua na kwa mashauri mazito. Wachache waliishi humo kwa zamu au kwa kujitenga. Miti ilianza kurudi katika viwanja vilivyokuwa na nyumba. Msitu wa kaya unaopendezwa leo kwa ukale wake ni kwa sehemu zao la kuhama huko: katika baadhi ya sehemu, penye miti mikubwa palikuwa na vibanda.

Kiswahili kina maneno ya mahali pasipokaliwa tena. Gofu ni jengo lililobomoka. Ganjo ni mahali palipokuwa na mji ukapotea. Mahame ni makazi ambayo wenyewe wamehama. Hakuna hata moja kati ya haya linaloifaa kaya. Ganjo halina mwenyewe wa kulipia kosa. Mahame yanaweza kukaliwa na mtu mwingine yeyote. Kaya iliyohamwa ina wenyewe, ina sheria, na ina faini. David Parkin, aliyetafiti miongoni mwa Wagiriama kwa miaka mingi, aliiita katika kitabu chake cha 1991 utupu mtakatifu: Wagiriama waliokaa mbali kabisa nayo waliitazama kama kitovu safi cha maisha yao, na usafi huo ulitegemea kutokaliwa kwake.

Kiapo cha 1913 na baruti ya 1914

Serikali ya kikoloni ya Uingereza iligundua maana ya utupu huo kwa njia ya uchungu. Mwaka 1912 Arthur Champion alipelekwa kuwasimamia Wagiriama, kukusanya kodi na kupata vibarua. Wagiriama walitakiwa pia waiache ardhi yao ya kaskazini ya Sabaki. Katikati ya mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyekuwa amezunguka akiwaita watu, pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, waliwakusanya Wagiriama katika Kaya Fungo. Wanawake walikula kiapo cha mukushekushe, na wanaume kiapo cha fisi, kwamba hakuna atakayewatumikia wazungu.

Mkutano huo ni ushahidi mkubwa kuliko hoja yoyote ya maandishi. Watu waliokuwa wametawanyika katika nchi pana, wasio na mfalme wala jeshi la kudumu, waliweza kukutana mahali ambapo karibu hapana aliyeishi, na neno lililotamkwa hapo likawafunga wasiokuwapo. Mekatilili na Wanje walikamatwa, wakahamishiwa Kisii. Mwezi Januari 1914 walitoroka na kurudi kwa miguu, safari ya mamia ya kilomita. Serikali ikakata shauri kupambana na mahali penyewe. Mapema mwezi Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Vita vilivyofuata viligharimu maisha ya Wagiriama wengi, na walioshindwa walitozwa faini ya rupia 100,000.

Watawala walidhani kwamba wakivunja malango wamevunja kaya. Lakini Mekatilili na Wanje waliporuhusiwa kurejea baadaye, wazee waliirudia kaya ile ile. Msitu uliolipuliwa ulitakaswa ukatumiwa tena. Yaliyokuwa yamebebwa na watu katika ahadi zao hayakuweza kufikiwa na baruti.

Hati za ardhi

Kalamu iliumiza kuliko baruti. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwapa wakazi wa ukanda wa pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar nafasi ya kuandikisha ardhi zao kama mali ya mtu binafsi. Walionufaika hasa ni Waarabu na Waswahili waliokuwa na uwezo wa kudai mbele ya afisa. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Ardhi inayomilikiwa na wafu, wazee na wasiozaliwa kwa pamoja haikuwa na safu yake katika daftari. Kaya za Wadigo zilizo karibu na bahari ndizo zilizopata madhara zaidi, kwa kuwa utalii ulipokua baada ya uhuru, viwanja vya ufuoni vilipanda thamani, na sehemu za misitu kama ile ya Diani zikaangukia mikononi mwa watu binafsi.

Ndani ya jamii yenyewe pia mambo yalibadilika. Katika kitabu chake cha 1972 Parkin alieleza jinsi minazi na ardhi zilivyonunuliwa na kuuzwa katika eneo la Kaloleni, na jinsi matajiri chipukizi walivyowahitaji wazee wawe mashahidi wao katika mabaraza. Mzee aliyekuwa mlinzi wa mwiko akawa pia shahidi wa mauzo. Uwezo wake wa kusema "ardhi hii ni ya fulani" ulitoka katika chemchemi ile ile iliyompa uwezo wa kusema "msitu huu si wa mtu". Ilikuwa vigumu chemchemi hiyo isichafuke.

Vigango navyo vinatoa mfano ulio karibu. Hizi ni nguzo za mti zinazochongwa kwa ukumbusho wa wanachama wa Gohu, na desturi haikuruhusu ziondolewe zilipowekwa. Jamaa walipohamia mashamba mapya, nguzo zilibaki katika mahame. Kuanzia miaka ya 1970 nyingi zilichukuliwa na kuuzwa ng'ambo kama kazi za sanaa, kwa kisingizio kwamba zilikuwa zimetupwa. Kosa la tafsiri ni lile lile.

Ulinzi mpya

Katika miaka ya 1980 wataalamu wa mimea walianza kuzichunguza kaya, wakakuta humo aina nyingi za mimea iliyo adimu kwingineko. Mwaka 1992 Serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakaunda kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani. Kaya zaidi ya 40 zilipata ulinzi wa namna hiyo. Nyingi ni ndogo, kati ya hekta 10 na 200 hivi. Mwaka 2001 Kaya Kinondo, katika Kwale, ilifunguliwa kwa wageni: huongozwa na wenyeji, hufungwa shuka nyeusi, na huambiwa wasichukue chochote. Mwaka 2008 UNESCO iliandika misitu 10 katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 2009 mila zihusuzo kaya ziliwekwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka.

Manufaa ya hatua hizi hayakanushiki. Mzee asiye na hati aliweza sasa kumwonyesha mkata miti tangazo la Serikali. Hata hivyo lugha ya ulinzi huu ina dosari. Maelezo ya UNESCO husema kwamba kaya zilianzishwa tangu karne ya 16, na kwamba kufikia miaka ya 1940 zilikuwa zimeachwa. Kauli ya pili ni kweli kwa hesabu ya nyumba na ni kosa kwa hesabu ya wajibu. Tena, kumbukumbu ya taifa ni mali inayosimamiwa kwa niaba ya wote wa nchi, nayo kaya ni nyumbani kwa watu fulani. Katika mpango wa kwanza, mwenyeji aingiaye katika msitu wa babu zake huweza kuwa mvunjaji wa sheria. Katika wa pili, Serikali ndiyo mgeni anayepaswa kubisha hodi.

Katiba ya mwaka 2010 imelikaribia jambo hili zaidi. Kifungu cha 63 kinaitambua ardhi ya jamii, na ndani yake ardhi inayotumiwa na jamii kama misitu, malisho au mahali patakatifu. Sheria ya ardhi ya jamii ya mwaka 2016 iliweka utaratibu wa kuiandikisha. Sheria hiyo, hata hivyo, huitaka jamii ijitaje na kuwa na kamati yake. Kambi ya wazee haikuchaguliwa kwa kura. Ilipandwa kwa marika ambayo yamekwisha dhoofika. Ni nani basi atakayeingia katika daftari kwa jina la kaya?

Hapana budi kutaja pia kivuli kilichoiangukia kaya. Mwezi Agosti 1997, katika machafuko ya Likoni, zaidi ya watu 100 waliuawa na maelfu wakakimbia makazi yao. Tume ya Akiwumi ilichunguza jinsi washambulizi walivyokula viapo na kufanya mazoezi katika misitu, jina la Kaya Bombo likitajwa. Wengi wa waliolengwa walikuwa watu wa bara. Wanaotukuza kiapo cha 1913 hawana haki ya kukinyamazia cha 1997. Mahali penye uwezo wa kufunga watu kwa neno panaweza kutumiwa na mwenye nia njema na mwenye nia mbaya. Kinachowatofautisha ni kama baraza lililo wazi kwa wazee wote limeketi, au kama wachache wameingia usiku.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa inaonyesha kwamba ulinzi wa kaya umesimama juu ya mafiga matatu: mwiko, unaomzuia mtu mmoja mmoja, njia, inayompa kila mwana wa jamii haki ya kuingia kwa adabu, na baraza, linalokata shauri panapotokea kosa. Ukoloni ulilipiga baraza, hati zikaifunga njia, na uhifadhi wa leo umeushika mwiko peke yake, kwa kuwa ndio unaofanana zaidi na sheria ya misitu. Chungu hakikai juu ya figa moja.

Kwa wanafunzi wa lugha kazi iliyo mbele ni ya haraka. Maneno ya malango, ya madaraja ya marika, ya faini na ya aina za miti yamo katika vinywa vya wazee ambao idadi yao hupungua. Katika sehemu za Kilifi wazee wamekuwa wakiuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na nyuma ya tuhuma nyingi hukutwa ugomvi wa shamba. Kamusi ya 1887 haitoshi, kwa maana waliokusanya walikuwa wakitafuta maneno ya kutafsiria Injili. Kinachotakiwa ni msamiati wa ardhi ya pamoja kama wenyewe walivyoisema, ukusanywe kwa kufuata njia za kaya hatua kwa hatua, ili mwanasheria atakayeandika kanuni za ardhi ya jamii awe na maneno ya kuandikia.

Huko Ganze, mahali paitwapo Kaya Godoma pamekuwa pakiwapokea wazee waliofukuzwa makwao kwa tuhuma hizo. Wanaokimbilia huko hawakuhitaji mtaalamu wa kuwafasiria neno. Walipotafuta pa kujihifadhi na jamaa zao, walikwenda kaya.